"Siombake mutu": maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya kiburi na kujitosha kwa Mkristo

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu hapa Goma, na siku za kazi nauza misumari, mabati na rangi kwenye duka dogo upande wa Birere, kwa hiyo maswali yananifikia pande zote mbili, wengine wananiuliza nikishika Biblia na wengine nikishika nyundo. Nimeyaandika vile yanakujaka. Mengine nimejibu kwa urefu juu yananigusa mimi mwenyewe, mengine mistari miwili mitatu inatosha.

Mimi sijivunake, nakaa kimya tu. Si ina maana sina kiburi?

Hapana ndugu. Kuna kiburi cha kelele, kile cha mtu anashuka kwenye jeep anaweka telefone tatu juu ya meza kabla hajasalimia, hicho hata mtoto anakiona anasema "ule anajisikiaka". Hicho sikiogopi sana, juu watu wanakicheka na siku moja mwenyewe anasikia wanacheka. Kinachonitisha ni kile cha kimya. Mtu anakuja kanisani kila Jumapili, anaimba korali, fungu la kumi anatoa, hana ugomvi na mtu, lakini ukimuuliza "tukuombee nini?" anajibu "niko sawa". Mwaka wa kwanza niko sawa, mwaka wa tano niko sawa, mtoto amefukuzwa shule niko sawa, ndoa inaungua moshi tunauona toka barabarani lakini yeye, niko sawa.

Angalia neno letu lenyewe. Kwa Kiswahili unaomba Mungu, unaomba jirani chumvi, unaomba msamaha, yote ni kuomba, neno moja tu. Kifaransa kina la Mungu na la jirani mbalimbali, sisi hapana, na mimi naona lugha yetu ilituhurumia hapo. Mtu akijizoeza miaka na miaka kusema "miye siombake mutu", akalifanya sifa yake, usishangae siku anapiga magoti na mdomo haufunguki. Ni mdomo ule ule.

Lakini tunafundishwa kujitegemea. Bila kujidebruya (kujitafutia mwenyewe) hapa Goma utakufa njaa. Hiyo nayo ni dhambi?

Si dhambi hata kidogo, na mchungaji anayewaambia watu wakae tu wangoje muujiza anawadanganya. Artikle 15, ile sheria ya mzaha ya hapa Kongo, tunaijua wote, jidebruye, na mji huu unasimama juu yake. Mama anakuwa Kituku kabla jua halijatoka kungoja mitumbwi ya sambaza, huyo utamwambia ana kiburi? Paulo mwenyewe alikuwa mshona hema, Matendo 18 inasema wazi, na aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, chakula pia asile.

Watu wanachanganyikiwa wakisoma Wagalatia 6. Mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo, mstari wa 5 unasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa darasa langu aliniuliza kama Paulo alisahau alichoandika mistari mitatu juu. Nikamwambia twende tusimame barabarani tuangalie chukudu, ile baiskeli ya mbao bila pedali ya kubebea mizigo. Mwenye chukudu anashuka toka upande wa Kibumba na magunia ya viazi, mlima wote anashuka peke yake, goti moja juu ya ubao, ile ndala anasukuma kwa gurudumu la nyuma kufunga breki, hapo usimguse, utamwangusha. Lile ni furushi lake. Lakini akifika mahali pa kupanda, magunia yale yale, hawezi. Wanakuja vijana wawili wanasukuma nyuma. Sijawahi kuona mwenye chukudu anawafukuza vijana akisema ataonekana mdogo. Angefanya hivyo magunia yangemrudisha chini, na yeye chini ya magunia.

Kujitegemea ni kushuka kwako na breki yako. Kujitosha ni kufika kwenye mlima na kukataa kusukumwa, halafu (hapa ndipo ubaya unapozidi) ukifika juu kwa bahati, kusahau kwamba njia, mbao na miguu ulivikuta, hukuviumba. Kumbukumbu la Torati 8 ilishawaonya Israeli kabla hawajaingia nchi nzuri: mtashiba, mtajenga nyumba, ng'ombe wataongezeka, halafu mtasema moyoni nguvu zetu na mkono wetu ndio umetupatia haya. Ona vile Mungu haogopi jangwa lao, anaogopa shibe yao.

Kwa nini wahubiri wanarudia sana Laodikia? Si ni mambo ya uvuguvugu tu?

Hili nalipenda sana mnivumilie nitarefusha.

Laodikia, ambako kulikuwa na lile kanisa Bwana analiambia kwenye Ufunuo 3 kwamba si moto wala baridi, ilikuwa mji wa pesa, leo magofu yake yako Uturuki. Walikuwa na benki, walikuwa na sufu nyeusi nzuri inayouzwa mbali, na walijulikana kwa mambo ya uganga na dawa ya macho. Mwaka 60 tetemeko la ardhi likaangusha mji. Miji mingine ikipigwa hivyo Roma ilikuwa inatoa msaada, lakini mwandishi wa historia wa Roma, Tacitus, anasema Laodikia ilijijenga yenyewe kwa mali yake, haikupokea msaada. Fikiria hiyo sifa. Watoto walikua wakiambiwa sisi tulianguka tukasimama bila kuomba mtu.

Sasa soma Ufunuo 3:17, "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Mtu wa Laodikia akisikia hayo yanasomwa kanisani alijua kabisa ni wimbo wa mji wake. Na Bwana anawajibu kwa vitu vyao vyenyewe: mko maskini (na benki zenu), mko vipofu (na dawa yenu ya macho), mko uchi (na sufu yenu). Hata ule uvuguvugu, maji yao yalikuwa yanatoka mbali kwa mifereji, wakati majirani wa Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto na Kolosai walikuwa na maji baridi.

Mimi nikisoma pale nafikiria 17 Januari 2002. Sisi tuliokuwa hapa tunakumbuka, Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, katedrali ikaungua, sehemu ya kiwanja cha ndege ikafunikwa. Na watu walirudi jiwe likiwa bado na joto. Tumejenga juu ya lava, kuta tumejenga kwa lava, hata choo tumekata kwenye lava, na tunajisifu, na tuna haki ya kujisifu kidogo, mimi mwenyewe mteja akitoka Kinshasa lazima nimwonyeshe ukuta. Lakini kutoka "tulijijenga" mpaka "hatuna haja ya kitu" ni hatua ndogo sana, na Bwana wakati huo yuko wapi? Mstari wa 20. Yuko nje anabisha hodi. Kanisa lina watu, lina ibada, na mwenyewe yuko nje ya mlango.

Mungu alinitoa kwenye pombe, sasa sinywi, sizini, nafunga kila Ijumaa. Nikimshukuru kwa hayo hadharani ni kiburi?

Kumshukuru ni vizuri. Shida ya yule Farisayo wa Luka 18 haikuwa kufunga mara mbili kwa juma, wala haikuwa zaka. Hata alianza vizuri, "Ee Mungu, nakushukuru". Msikilize anavyoendelea: anahesabu, halafu anageuza shingo kumwangalia mtoza ushuru. Na mwisho wa maombi yake hakuna ombi. Rudi usome, hakuomba kitu chochote! Alileta ripoti tu, kama mtu wa ONG (shirika la misaada) anaripoti kwa bailleur (mfadhili). Yule mwingine alikuwa na sentensi moja fupi na yote ni ombi.

Kwa hiyo jipime hapo. Ushuhuda wako ukiisha, kuna kitu bado unaomba? Na ule mlevi wa avenyi yenu akipita, unamwona kama ndugu ambaye bado yuko kwenye shimo ulilotolewa ama unamwona kama kioo cha kukuonyesha vile umependeza?

Kazini nikikataa rushwa wananiambia "unajifanya mtakatifu, una kiburi". Wana haki?

Hapana. Hapo wanakuvika kiburi juu wanataka uache. Mji huu una mfano, Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, alizaliwa 1981. Alikuwa anafanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani kwa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Wakamletea pesa ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, wakamuua Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri kule Roma. Mimi si Mkatoliki lakini siku ile nilifunga duka mapema.

Kitu kimoja kwenye habari yake kinanigusa kuliko vyote. Kabla ya kuuawa alimpigia simu sista mmoja ambaye ni daktari, akamuuliza chakula kama kile kina hatari gani kwa watu wakikila. Aliuliza! Mwenye kiburi angekataa pesa ili aonekane, yeye alikuwa anawaza matumbo ya watu ambao hata hawajui. Kusema hapana kwa ajili ya wengine, na kuuliza kabla, sioni kiburi hapo.

"Jisaidie na Mungu atakusaidia" ni andiko gani?

Halipo. Tafuta toka Mwanzo mpaka Ufunuo, hutalipata. Wengi tulilisikia shuleni kwa Kifaransa, liko kwenye hadithi ya La Fontaine ya mtu aliyekwama na mkokoteni kwenye matope. Kama shauri la mkokoteni si baya, mimi pia nikikwama na pikipiki kwenye matope nashuka nasukuma. Ila likifanywa mafundisho ya wokovu linageuza Injili kichwa chini miguu juu. Kanisa lilishapigana na jambo hili zamani. Mwalimu mmoja wa zamani, Pelagio, alifundisha kwamba mtu akiamua anaweza kuishi sawasawa kwa nguvu yake, na aliyembishia sana ni Mwafrika, Agostino askofu wa Hipo, nchi ambayo leo ni Algeria, na mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago wakayakataa mafundisho hayo. Agostino alimwandikia kijana mmoja msomi kwamba njia ya kwanza ni unyenyekevu, ya pili unyenyekevu, ya tatu unyenyekevu, na kila ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo. Bwana mwenyewe alisema kifupi zaidi, Yohana 15:5, pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote. Hakusema tutafanya nusu.

Mimi si kwamba nina kiburi, naona tu aibu kuomba msaada. Ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja lakini wanalala nyumba moja. Nitawaambia yangu.

Mei 2021 volkano ilipasuka tena, Jumamosi ya tarehe 22 usiku, lava ikasimama upande wa Buhene karibu na kiwanja cha ndege. Tukabaki na matetemeko, nyumba zinapasuka nyufa, halafu Alhamisi tarehe 27 tukaambiwa vartiye (mitaa) nyingi zihame mara moja. Sisi tulikamata njia ya Sake, mimi na mama Neema na watoto watatu, karibu kilometa 25, magari yamejaa, kwa miguu na watu maelfu. Nilikuwa na dola ndani ya soksi, si nyingi ila za kutosha, na njia yote nilikuwa nazisikia pale kwenye kifundo cha mguu na moyo unasema, wewe si kama hawa, wewe ulijipanga.

Tulifika giza limeingia. Tukapata nafasi kwenye veranda ya shule moja, simenti tupu. Maji hakuna. Ya kununua hakuna, niliuliza mahali panne na soksi yangu. Pembeni yetu alikuwa amekaa mama mmoja wa avenyi yetu, anauza makala (mkaa), wakati wa nyuma aliwahi kutaka kuingia kwenye likelemba yetu ya kanisa, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, na mimi njo nilikuwa nashika daftari, nikamwambia michango yetu iko juu kidogo kwake. Nilisema kwa adabu kabisa. Sasa yeye alikuwa na bido (madumu) mbili za maji, alizibeba toka Goma kichwani na mgongoni, na sufuria ya bugali ya baridi imefunikwa na kitenge. Akaniuliza, "Papa Neema, batoto bamekunywa?" Na mimi, wapendwa, nilijibu nini? "Tuko sawa, mama, asante."

Mke wangu aliniangalia, sitasahau ile macho. Mdogo wetu alikuwa analia bila machozi. Yule mama hakubishana na mimi, alisema tu, "Acha maneno, leta kikombe." Tukanywa. Mimi nilikunywa wa mwisho, na nilisema asante kwa sauti ndogo ili familia iliyolala upande wa pili isisikie.

Mnafikiri niliponea pale. Tuliporudi Goma, wiki mbili nzima nilikuwa nazunguka avenyi ya nyuma kwenda dukani, njia ndefu yenye mawe, nisipite mbele ya meza yake ya makala. Nilijiambia ni aibu. Aibu gani hiyo? Mtu alinipa maji na mimi namkimbia kama ninadaiwa. Ilikuwa kiburi kimevaa kitenge cha aibu. Yeye njo alikuja dukani kununua misumari ya nusu kilo, akaniuliza kama tulihama.

Kwa hiyo jibu langu: aibu ya kweli inataka kuomba na inaogopa, ukiipa mkono inakuja. Ile nyingine ukiipa mkono inakasirika. Petro alikuwa nayo, Yohana 13, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe", maneno yanasikika kama heshima kubwa, na Yesu akamjibu kwamba asipomtawadha hana shirika naye. Kupokea ni ngumu kuliko kutoa, juu ukitoa unabaki juu.

Na wale wanaoomba kila siku, kila mlango? Hao si ndio wanyenyekevu kuliko wote?

Hapana, nao wanaweza kuwa na kiburi cha kwao, kile cha kuona kwamba jasho ni la wajinga. Ila mimi sina haraka ya kuwahukumu, mji huu umepokea wakimbizi wa vita mara nyingi sana na huwezi kujua aliyesimama mlangoni alikuwa na shamba la ukubwa gani kwao.

Volkano, vita, benki kufungwa: ni Mungu anatunyenyekeza kwa sababu ya kiburi chetu?

Usiseme hivyo. Nakuomba. Kuna watu wanapenda kusimama juu ya makaburi ya wengine na kuhesabu dhambi, na hicho njo kiburi chenyewe. Yesu aliulizwa karibu hivyo hivyo, Luka 13, akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, je walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu sivyo.

Ninachoweza kusema ni kidogo. Mwanzoni mwa 2025 benki za hapa zilipofunga milango, niliona watu wenye pesa kwenye akaunti wanahesabu noti za mia tano kununua unga kama sisi wote. Sikufurahi. Wengine walikuwa wateja wangu. Sikusema ni adhabu, nilisema tu moyoni kwamba ile sala ya "utupe leo riziki yetu", tuliyoisema miaka mingi tukiwa na gunia stoo, sasa tunaisema tukijua neno "leo" lina maana gani. Mana ya jangwani ilikuwa hivyo, Kutoka 16, ya siku moja, ukiweka mpaka asubuhi inaota funza.

Watumishi wa Mungu wanapata kiburi kivipi? Si wanaomba kila siku?

Uzia. 2 Nyakati 26. Alianza ufalme na miaka 16, alitawala 52, alijenga minara, alichimba visima, alipenda kulima, na Biblia inasema alisaidiwa kwa ajabu mpaka akawa na nguvu. Mstari wa 16 unageuka: alipokuwa na nguvu moyo wake ukapanda, akaingia hekaluni kufukiza uvumba mwenyewe, kazi ambayo si yake. Kuhani Azaria na makuhani 80 wakamfuata wakamwambia si haki yako. Themanini na mmoja! Akawakasirikia, chetezo mkononi, na ukoma ukatokea pale pale kwenye paji la uso.

Mimi nikikutana na mtumishi, sihesabu watu wake wala viti vya plastiki. Nauliza, nani anaweza kumwambia hapana akabaki kanisani? Kama jibu ni hakuna mtu, hata mke wake, mimi napita. Kuna mahali nilishaabudu ambapo swali juu ya matumizi ya matoleo lilijibiwa na andiko la "msiwaguse masihi wangu". Sitataja wapi. Niliondoka kimya, na hata kuondoka kwangu kimya sijui kama kulikuwa hekima ama uoga.

Nimesoma, nina diploma. Elimu inaleta kiburi?

Apolo alikuwa msomi wa Aleksandria, hodari wa Maandiko, anaongea watu wanasimama. Prisila na Akila, wafanya kazi ya hema, wakamchukua pembeni wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na akakubali. Soma mpaka dokta ukipenda. Ila siku fundi wa hema akikuvuta pembeni, enda.

Dawa ni nini? Tufunge? Tukeshe?

Fungeni, ila angalieni, hata kufunga kunaweza kuwa ripoti nyingine ya Farisayo.

Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini hapo Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, walikuwa na njia ambayo leo tunaiona ya kizamani. Walikuwa wanakaa pamoja, mtu anasimama anasema dhambi yake kwa jina, si "nimekosa kwa mawazo" hapana, anasema niliiba sukari ya bosi, nimemchukia huyu ndugu hapa mbele. Waliita kutembea nuruni, na neno lao lingine lilikuwa kuvunjika. Ilikuwa na makosa yake pia, wengine waligeuza toba kuwa mashindano ya nani alikuwa mbaya zaidi, ona vile kiburi kinapenya hata kwenye majuto! Lakini walijua kitu kimoja, kiburi hakifi ukiwa peke yako chumbani, juu chumbani wewe ni hakimu na wewe ni mshtakiwa.

Mimi nawaambia wanafunzi wangu waanze na vitu vidogo vya aibu. Omba chumvi hata kama unaweza kwenda kununua. Shirika ama kikundi kikikuuliza ombi, taja moja la kweli, lenye jina na tarehe. Ukipanga safari ya Butembo ama ya Bukavu sema "Bwana akipenda" kama Yakobo 4 inavyosema, na uwe unamaanisha, si kama koma ya mwisho wa sentensi. Mtu akikusahihisha usijibu siku hiyo hiyo. Naamani karibu arudi kwao na ukoma wake juu ya hasira, kisa ameambiwa ajichovye Yordani mara saba badala ya kufanyiwa kitu kikubwa, na waliomwokoa ni watumishi wake walioongea naye polepole.

Na wewe mwalimu, umepona?

Hapana. Jumatano hii kwenye sala ya nyumbani nilikuwa nasoma ile habari ya Uzia, nikasema alitawala miaka 40, na Neema, ana miaka 14, akasema "Papa, ni 52". Nikamwambia asikatize mtu mzima anaposoma Neno la Mungu. Akanyamaza. Tukamaliza sala, walipolala nikarudi kuangalia, ni 52. Hiyo 52 mnayoiona hapo juu ni yake. Leo ni Ijumaa na bado sijamwambia. Yuko nje anapepea makala, nasikia ule mfuniko wa sufuria anaotumia kupepea, wacha nifunge hii telefone.